Ngitili za Shinyanga na Miti Iliyorudi Yenyewe

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kulitia bara lote katika neno moja. Mtu akitoka Tabora ametoka bara, akitoka Bukoba ametoka bara, akitoka Shinyanga naye ni huko huko, kana kwamba nchi yote hiyo ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka 1985. Nilikuwa kijana, mwalimu wangu akaniambia nifunge mzigo niende Shinyanga kuwasomesha watoto wa Waislamu wa huko. Nikapanda gari moshi Dar es Salaam, na njia nzima nikawa nawaza simba na mwitu mkubwa.

Nilifika mwisho wa kiangazi, na nilichokiona hakikuwa mwitu. Ilikuwa nchi iliyo wazi kama kiganja cha mkono. Jicho laenda mpaka likachoka, lisikutane na kitu ila mbuyu mmoja hapa na mwingine kule, na vumbi lililoinuka nyuma ya ng'ombe. Mama wa nyumba niliyofikia alikuwa akipikia mabua ya pamba, na yakimalizika hupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kuni khasa zilitoka mbali, zikawekwa akiba kwa siku ya msiba au harusi. Nikajisemea moyoni kwamba Mwenyezi Mungu ameiumba nchi hii hivi, na kwamba kila nchi ina yake.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kisukuma aliyesilimu ujanani kwake, nikamwambia fikira hiyo yangu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hapo ulipokaa baba yangu aliogopa kupita jioni kwa ajili ya simba."

Mzee yule hakutia chumvi. Tokea siku ile nimekuwa nikiyakusanya maneno ya nchi ile, kwa kusoma na kwa kuuliza, na nimeona yafaa niwaandikie, kwani ndani yake mna mambo ambayo sisi tunaokaa karibu na mikoko yetu twayahitaji pia.

Kwanza tujue nchi ilikuwaje. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka Kaze, yaani Tabora, mwezi wa Julai, akaenda kaskazini mpaka akaliona ziwa la Nyanza mwanzo wa Agosti. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, ambaye wengi wetu twamjua kwa jina. Njia waliyoipita ilikuwa ya mashamba na mifugo, watu wengi na chakula kingi, kisha baina ya utemi mmoja na mwingine pori la miti, ambamo mlikuwa na wanyama wa kila namna. Ndivyo nchi ilivyogawanyika: watu mahali pao na pori mahali pake. Pori lilikuwa mpaka, tena lilikuwa ghala ya kuni, dawa, asali na nyama. Pande za mashariki na kaskazini ilikuwa migunga, na pande za kusini na magharibi, kuelekea Kahama na Geita, miombo na mininga. Huko nako misafara yetu ya pwani ilitafuta pembe. Haifai tujisahaulishe hilo. Tembo walianza kupungua katika nchi zile kabla Mdachi hajaweka bendera yake, na pembe zao zilishuka Bagamoyo kwa mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma, na fedha yake ikajenga nyumba za mawe ambazo mpaka leo twazionea fahari.

Mapema katika miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ilishuka kutoka kaskazini, ikaua ng'ombe, ikaua nyati, na watu waliotegemea maziwa na maksai wakapigwa na njaa, na ndui ikawakuta tayari wamedhoofika. Mashamba mengi yakaachwa. Palipokuwa na malisho yaliyokuwa yakitafunwa kila siku, sasa hapana wa kuyatafuna, vichaka vikaota. Wanyama wa porini wakajizalisha upesi kuliko ng'ombe, na kivuli cha vichaka na damu ya wanyama vikamleta mgeni asiyetakiwa, naye ni mbung'o. Mbung'o hutaka kivuli cha kupumzikia na udongo laini wa kuzalia, na akimuuma ng'ombe humtia ugonjwa wa nagana, na akimuuma mwanadamu huweza kumtia malale. Mwaka 1922 malale yalizuka upande wa Maswa. Watu walilala wasiamke.

Hapa ndipo anapoingia mtu aitwaye Swynnerton. Alikuwa bwana nyama mkuu wa Tanganyika tangu mwaka 1919, kisha akawa mkuu wa utafiti wa mbung'o, makao yake Shinyanga, mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Namna moja ya mbung'o wa huko imepewa jina lake na wataalamu, sijui kama mtu angeifurahia heshima ya aina hiyo. Alipotazama akaona kwamba mbung'o hawezi kuishi pasipo na kivuli. Basi dawa yake ni shoka na moto. Akawaendea watemi, na mtemi Makwaia wa Usiha akakubaliana naye, na watu wakatoka kwa maelfu baada ya mavuno wakakata pori kwa umoja wao. Majani yalizuiliwa yasichomwe mapema, yakaachwa mpaka yakauke barabara, kisha yakawashwa kwa siku moja ili moto uwe mkali na uteketeze hata vichaka. Mwaka kwa mwaka pori likarudi nyuma, na ng'ombe wakaingia.

Waliporidhika na miti wakawageukia wanyama. Tokea mwaka 1945, kwa miaka kadhaa, palifanywa jaribio huko Shinyanga la kuwapiga risasi wanyama wa porini katika eneo maalumu, swala na nyati na ngiri na wengineo, ili mbung'o akose damu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1952, nayo yalisema kwamba mbung'o alipungua sana. Jaribio lilifaulu. Nasi leo tukilisoma twashika vichwa.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kwa mwenye mtoto aliyelala usingizi wa malale, mti una thamani gani? Kwa kijana ambaye mahari yake yote ni ng'ombe, na ng'ombe wanakufa mmoja mmoja, pori ni adui. Watu wale hawakukata miti kwa upumbavu. Walikata kwa sababu iliyo dhahiri, kwa amri ya watemi wao na kwa ushauri wa mtu aliyesoma, na mbung'o kweli aliondoka. Khasara ilikuja baadaye, polepole. Pori likaondolewa pamoja na mbung'o, wala hapakuwa na mtu aliyeulizwa: kuni tutapata wapi, na ng'ombe atakula nini mwezi wa Septemba?

Mengine nitayapitia kwa haraka. Ikaja pamba, na pamba hutaka shamba jeupe. Ng'ombe wakaongezeka, kwa kuwa fedha ya pamba iligeuzwa ng'ombe, kwani benki ya Msukuma ilikuwa zizini. Mwaka 1940 Williamson akaipata almasi ya Mwadui, na mji ukazaliwa palipokuwa na pori. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wa kupunguza mifugo kwa lazima na kuwahamishia watu Geita, ambako pori lilikuwa bado zito. Watu wengi walihama wakaenda kukata miombo ya Geita kama baba zao walivyokata migunga ya Shinyanga. Kisha miaka ya 1974 na 1975 ikaja operesheni ya vijiji. Sitaki kuingia katika ubishi wa jambo hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyehamishwa kutoka kwenye boma la baba yake aliyaacha huko na malisho aliyokuwa akiyatunza. Hapana awezaye kulinda kitu kilicho mbali na macho yake, na kijiji kipya nacho kilikuwa hakijajua bado kipi chake na kipi cha jirani. Vyote vikakatwa.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana nchi niliyoikuta mimi. Watu walikuwa wameshaanza kuiita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga, hali ile ikamshtua, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Wanorwei walitoa msaada wa fedha, na baadaye wakaja wataalamu wa kilimo mseto kutoka kituo cha ICRAF kilichoko Nairobi. Mimi nilikuwapo mwanzo wake. Nakumbuka vitalu vya miche, na lori likiigawa miche hiyo shuleni na vijijini, mingi yake miti ya kigeni inayokua upesi. Hata chuo chetu kilipewa. Tuliipanda kwa dua na kuimwagilia kwa maji ya kudoea, na kiangazi kilipofika mbuzi wa jirani wakaimaliza kwa asubuhi moja. Naona haya kusema kwamba tulifurahi kidogo, maana kisima kilikuwa mbali.

Wataalamu wale, na hili ndilo linalonifanya niwasifu, hawakushikilia kosa. Waliuliza. Wakawauliza wazee: nyinyi zamani mlifanyaje ng'ombe wasife kiangazi? Wazee wakajibu kwa neno moja: ngitili.

Ngitili ni nini? Ni eneo linalofungwa. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, mwenye eneo au kijiji husema: tokea hapa mpaka pale hapana kulisha. Hapajengwi boma wala uzio, neno tu hutosha, na kila mtu hujua mpaka wake. Majani huota, hukomaa, hukauka yakiwa yamesimama. Ng'ombe wote hulishwa kwingine masika nzima. Kisha kiangazi kinapobana, tangu Julai au Agosti, ngitili hufunguliwa, wala si yote kwa pamoja, bali kipande baada ya kipande. Wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, walio wagonjwa na maksai wa kulimia, ili mvua ikinyesha wawe na nguvu ya kuvuta jembe. Kuna ngitili za nyumba, ambazo huwa hekta chache tu, na kuna ngitili za kijiji, za shule, hata za misikiti na makanisa, ambazo huwa kubwa zaidi.

Sasa tazama hekima iliyofichika humo. Makusudio ya ngitili ni majani, si miti. Lakini mahali palipofungwa miezi sita au saba ng'ombe hakanyagi, mbuzi hatafuni, moto hauingii, na visiki vilivyokatwa tangu zama za Swynnerton vilikuwa bado vi hai chini ya udongo. Mizizi ya mgunga na ya mwombo haifi kwa shoka. Ilikuwa ikichipua kila mwaka na kutafunwa kila mwaka, kwa muda wa miaka arobaini na hamsini, mfano wa mtu anayejaribu kuinuka na kila mara akasukumwa. Ilipoachwa, ikainuka. Miti haikupandwa, iliachwa tu.

Sheria nazo zilikuwapo zamani. Wasukuma wana mkutano wao wa jadi uitwao dagashida, ambamo hukata shauri na kutoza faini. Tena mapema katika miaka ya 1980, huko Kahama na Shinyanga, lilizaliwa jeshi la sungusungu kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, watu wa upinde na mishale, na vijiji vikalipa kazi ya pili ya kulinda ngitili. Aliyekamatwa akikata mti au akilisha mahali palipofungwa alipigwa faini ya mbuzi au ng'ombe, na faini hiyo ililiwa na kijiji kizima mbele ya macho yake. Naambiwa hilo lilikuwa likiuma kuliko mahakama.

Mwaka 1986, mpango ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004, mpango ulipomalizika, zilikuwa zimeenea katika vijiji 833, na makadirio ya eneo lake ni baina ya hekta 300,000 na 500,000. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulikwisha kuwatunukia tuzo ya Equator. Wataalamu walipoingia ndani ya ngitili kuhesabu walikuta aina zaidi ya mia na hamsini za miti, vichaka na mitambaazi, na aina 145 za ndege, na baadhi ya ndege hao walikuwa wamekwisha kupotea katika nchi ile. Ndege hakupandikizwa na mtu. Aliona mti akashuka.

Wanyama nao wakarudi, wadogo wadogo: sungura, kuchakuro, swala wafupi wa vichakani, na fisi. Wakubwa hawakurudi, wala hatutazamii warudi, kwani ngitili ni visiwa, na tembo hawezi kuishi kisiwani. Na huyo fisi aliyerudi hakupokewa kwa zulia. Nilipokwenda tena miaka michache iliyopita nilimkuta mama mmoja akilia mbuzi wake wawili, akaniambia, "Shehe, msitu umerudi na mwizi wake." Ndege wa mtama nao wamerudi na njaa yao. Anayewaandikia habari za miti bila ya kuwaambia hayo amewaficha nusu ya habari. Hata hivyo, wengi niliowauliza walisema faida imezidi: kuni ziko karibu, kuna asali, kuna uyoga na ukwaju, kuna dawa, kuna nguzo za nyumba, na ng'ombe hafi Oktoba.

Wasomaji wetu waliosoma fiqhi bila shaka wamekwisha kukumbuka jambo. Waarabu walikuwa na kitu mfano wa ngitili nacho ni hima (sisemi hima ya haraka, neno letu himaya latoka shina hilo). Kabla ya Uislamu mkubwa wa kabila alikuwa akimpandisha mbwa wake mahali pa juu, akambwekesha, na pote sauti ilipofika pakawa malisho yake peke yake, wengine wasikanyage. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliivunja desturi hiyo ya wenye nguvu kujifungia malisho, naye akaiweka hima ya Naqi', karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu wote. Sisemi kwamba Wasukuma waliichukua ngitili kwa Waarabu. Wanadamu wenye mifugo na kiangazi hupelekwa na haja yao mahali pamoja.

Ila habari ninayotaka kuitaja ni ya Sayyidna Umar. Alipoifunga hima ya Rabadha alimweka huria wake aitwaye Hunayy kuisimamia, akamwusia awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na ya Ibn Affan. Hao walikuwa masahaba wakubwa na matajiri. Sababu aliyoitoa Umar ni kwamba hao wawili, mifugo yao ikifa, watarudi kwenye mitende na mashamba yao, ama maskini, mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul Muuminin, na hapo kumpa majani na maji ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Habari hii imo katika Bukhari.

Nimeitaja kwa sababu katika Shinyanga ya leo hilo ndilo jambo lililobaki. Ngitili ni za nani? Zilipokuwa hazina thamani hapana aliyeuliza. Sasa zina thamani, na mwenye ngitili ya nyumba huikodisha malisho yake kwa fedha wakati wa kiangazi. Mwenye ng'ombe mia ana hekta nyingi, mwenye ng'ombe wawili hana hata moja, na ngitili ya kijiji ambayo ingemfaa mara nyingine imegawanywa ikawa mashamba. Wengi waliokosa malisho walihama siku nyingi. Mliwaona hapa kwetu, miaka ya 2006 na 2007, walipoondolewa bonde la Usangu wakashuka na ng'ombe wao mpaka Lindi na Kilwa, nasi tukawatazama kama wavamizi. Wengi wao au baba zao walitoka katika nchi hizi ninazozisema. Ukimwona mtu ametembea na ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka baharini, ujue kwamba nyuma yake kuna mahali majani yalikwisha.

Ama Geita, mambo ni mengine, nayo yaingiana na haya kwa njia ambayo sikuitazamia. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ukafungwa mwaka 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya mkubwa, sehemu yake ikiwa ndani ya msitu wa hifadhi wa Geita, na mwaka wa pili ukafuata ule wa Bulyanhulu upande wa Kahama. Pembeni yao wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu. Shimo la mchimbaji mdogo husimama kwa miti. Kila hatua chache chini huwekwa magogo ya kuzuia udongo usimfukie, na shimo moja likienda kina kirefu humeza miti ya shamba zima. Hiyo haionekani juu, iko chini ya ardhi inaoza. Juu hubaki uwanja mweupe, na mashimo yaliyoachwa wazi ambamo ng'ombe hutumbukia, na watoto pia.

Tena kuna zebaki. Mawe yakisagwa na kuoshwa, zebaki huchanganywa na mchanga ili iishike dhahabu, kisha hutiwa motoni. Zebaki hupaa kuwa moshi na dhahabu hubaki. Moshi ule huvutwa na aliye karibu, na mabaki hufuata maji ya mvua mpaka mtoni, akayapata samaki na akayapata mlaji. Huko Rwamgasa, katika nchi ya Geita, mradi wa Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi wa jambo hilo katika miaka ya 2000 na kuwafundisha wachimbaji njia iliyo salama zaidi, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Lakini mtu mwenye njaa, mwenye kijiko cha zebaki mkononi na dhahabu mbele yake, mkataba hauoni.

Nilisema mambo haya mawili yaingiana. Nilipokwenda Shinyanga mara ya mwisho nilimtafuta yule mzee jirani yangu, aliyenicheka mwaka 1985. Nilimkuta hai, macho yamepungua. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa peupe kiasi cha kuliona gari moshi likija kutoka mbali, sasa kulikuwa na migunga mirefu kuliko nyumba, na mpingo mmoja, na kanga wa porini walipita mbele yetu bila ya hofu. Akaniambia hakupanda hata mmoja. Alifunga tu, kila mwaka, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kisha akanipa swali lake, na nikafahamu kwa nini alinishika mkono kwa nguvu namna ile. Ana wana watatu. Mmoja yuko naye, mmoja yuko Mwanza, na wa tatu anachimba dhahabu Geita. Huyo wa tatu amekuja mara mbili kutaka apewe fungu lake la ngitili akiwa baba yake angali hai. Ataikata miti, iliyo minene aiuze kwa wenye mashimo na iliyobaki aichome mkaa, apate mtaji wa shimo lake mwenyewe. "Ni mwanangu, mwalimu," akasema mzee. "Wala si mwizi. Ana watoto wanne, na shimo alilofanyia kazi mwaka jana halikumlipa. Nikimnyima nitakuwa nimemdhulumu?"

Nikamjibu kwa ilimu niliyo nayo. Nilimwambia kwamba hapana mirathi katika mali ya aliye hai, na hakuna mwana mwenye fungu kwa babaye mpaka babaye afe. Na akitaka kutoa zawadi basi afanye uadilifu baina ya wanawe. Nikamwambia kwamba akifa bila ya kusema neno, ngitili itagawanywa, na kipande cha hekta moja na nusu hakiwi ngitili tena. Na nikamwambia kuwa iko njia ya wakfu: kuifunga asili yake isiuzwe wala isirithiwe, na matunda yake, yaani majani na kuni na asali, yawe ya wanawe na vizazi vyao, na sehemu iwe ya maskini wa kijiji wenye ng'ombe mmoja mmoja. Na kwa kuwa ardhi ile ni ya kijiji, yenye sheria yake ya mwaka 1999, hapana budi apite kwanza serikali ya kijiji na jambo liandikwe, maana neno la mdomo lilitosha enzi za baba yake, leo halitoshi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama maskini hao watamshirikisha na huyo mwanawe wa Geita, naye akirudi mikono mitupu. Nikasema naam, yeye ni wa kwanza katika hao.

Hakunijibu kwamba atafanya au hatafanya. Tulikaa kimya. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, mvua za kwanza, na mwanawe wa kwanza alikuja kumwuliza kama leo ndiyo siku ya kuwatoa ng'ombe na kufunga. Mzee akasema, "Subiri kidogo, mwalimu bado yupo," kisha akaomba fimbo yake, akainuka kwenda kuwatoa mwenyewe.